Siku moja maishani mwangu: kuhesabu mbegu za migunga, Dodoma

Saa 12 asubuhi. Begi lina utepe wa mita 50, penseli, mkasi wa kucha, vibati vya namba na mifuko ya khaki. Plastiki hapana: maganda yakitoa jasho humo, huota ukungu na hujui ugonjwa upi wa mti, upi umeufuga mwenyewe.

Saa 1 na nusu, mjini. Migunga 10, maganda 20 kila mmoja, pande zote nne, bila kuchagua mazuri.

Saa 3, Nzuguni. Ukifungua utepe Dodoma, umeshapima kiwanja cha mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnabomoa lini?"

Unaeleza habari za mbegu. Anautazama mti, anakutazama wewe, anamwita jirani. Jirani anamwita mjumbe. Barua ya utambulisho inasomwa mara tatu, halafu swali: kumbe kuna mshahara wa kuhesabu miiba? Saa nzima na robo imekwenda, jua limeshakuwa kali, na mti namba 7 haupo. Kimebaki kisiki kibichi. Kibati chetu kiko kwenye nguzo ya uzio.

Mchana, pembeni mwa Mtumba, tunakata mbegu. Tundu la duara maana yake fukuzi, mdudu anayebungua mbegu, ameshatoka. Lisipokuwepo usishangilie, buu anaweza kuwa bado anakula ndani. Mafungu ni matatu: nzima, iliyobunguliwa, iliyosinyaa. Wageni huchanganya mawili ya mwisho. Iliyobunguliwa ilichavushwa, ikaliwa baadaye. Iliyosinyaa huenda haikuchavushwa, au mti ulikosa maji. Ukichanganya, unamtwika fukuzi kosa la nyuki aliyekosekana.

Na msimdharau mbuzi. Akila ganda mapema, mabuu machanga hufia tumboni, mbegu ikatoka na kinyesi mbali na mti wake. Asipokuwepo, maganda hulala chini, fukuzi akataga tena. Penye pevingi, yaani matofali ya sakafuni, hata mbegu nzima hufagiwa ikachomwa.

Baadaye, mgongo umeshakataa, zamu ya majani ya mikunazi. Plastiki angavu yenye miraba ya milimita 5 inawekwa juu ya jani, tunahesabu iliyoliwa. Weupe wa chini ya jani si ugonjwa, ndivyo lilivyoumbwa. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, hutafutwa juu ya majani machanga na kwenye vitunda. Vumbi letu ni jekundu, halidanganyi.

Jioni. Mbegu ambazo hazijakatwa zinaingia kwenye friza, la sivyo mabuu yataendelea kula mfukoni na hesabu ya kesho itakuwa ya uongo. Mti namba 7 naandika "umekatwa", si sifuri.