Ovataimu ya Mayo

Nilianza kuipenda timu ya Mayo kwa sababu ambayo nisingethubutu kumwambia mwenyeji yeyote: ilikuwa timu ya kutoka sare.

Mwaka 2017 nilikuwa mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji mdogo mashariki mwa kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland. Wenzangu wengi kazini walikuwa wenyeji, na mwenyeji wa Mayo siku ya mechi ya kaunti humpati kwa simu wala kwa maombi. Matroni alizunguka na ratiba ya zamu mkononi kama mtu anayechangisha harambee, kila anayemkaribia anakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Mimi nilikuwa mtoto wa Kisauni, Mombasa, shabiki wa Bandari kwa kurithi na wa Arsenal kwa bahati mbaya. Zamu ya Jumapili ililipwa zaidi, ya sikukuu zaidi tena. Nikawa nasema "mimi nipo" kabla sijaulizwa.

Mpira wao si soka, unaitwa Gaelic football. Ni watu 15 kila upande, mpira unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, na huwezi kukimbia nao zaidi ya hatua nne bila kuudunda au kuupiga kidogo kwa ncha ya mguu ukaudaka tena. Goli lina nguzo mbili ndefu na mwamba katikati. Wakati ule mpira ukipita juu ya mwamba ulikuwa pointi moja, ukiingia wavuni tatu. Matokeo huandikwa mabao kwanza, halafu pointi. Kwa hiyo majirani zao Galway walipopata 0-15 na Mayo 1-11 kule Salthill, tarehe 11 Juni, usidanganyike na lile bao: Mayo walikuwa wamefungwa kwa pointi moja.

Nilisikitika kweli siku ile, ila si kwa ajili yao. Nilijua majira ya joto yamekwisha na ovataimu nayo imekwisha. Mwenzangu mmoja wa jikoni ndiye aliyenituliza. Akaniambia kutolewa katika mashindano ya mkoa wao wa Connacht si kutolewa kabisa, kuna mlango wa nyuma: timu zilizofungwa mikoani hupambana zenyewe kwa zenyewe, zinazobaki hurudi kwenye robo fainali. "Tena sisi," akasema, "mlango wa nyuma tunaujua vizuri."

Sikujua wanaujua kiasi gani. Tarehe 1 Julai, Derry walikuja Castlebar, mechi ikaingia muda wa nyongeza. Wiki iliyofuata Mayo wakaenda Ennis kuwatoa Clare. Tarehe 22 wakakutana na Cork mjini Limerick, muda wa nyongeza tena, wakashinda 0-27 kwa 2-20, yaani pointi moja tu baada ya jasho lote lile. Robo fainali na Roscommon, sare. Marudiano yakapangwa Jumatatu ya kwanza ya Agosti, ambayo huko ni sikukuu. Nilipoona tarehe ile nilicheka peke yangu kwenye chumba cha kufulia. Wakawafunga 4-19 kwa 0-9. Nusu fainali na Kerry, 2-14 kwa 2-14, sare nyingine, marudiano mengine. Karo ya muhula wa tatu ya mpwa wangu ililipwa na Roscommon na Kerry.

Na hapa kuna jambo ambalo hata leo linanichekesha. Wachezaji wa kaunti hawalipwi mshahara. Wanarudishiwa nauli na gharama ndogo ndogo, kisha Jumatatu mwalimu anarudi darasani, polisi anarudi kituoni. Unachezea kaunti yako, mara nyingi uliyozaliwa, huuzwi wala hununuliwi. Cillian O'Connor, nahodha, alikuwa akipiga mipira ya adhabu mbele ya watu 80,000 bila mshahara. Kwa hesabu hiyo, msimu ule timu ya Mayo iliniingizia mimi fedha nyingi kuliko nahodha wake.

Aliyeniharibia biashara hiyo alikuwa Sista.

Alikuwa mtawa mstaafu, mzaliwa wa Mayo, aliyeishi Ukambani, kwetu Kenya, sehemu kubwa ya maisha yake. Siku ya kwanza nilipomletea chai alinitazama, akauliza kwa Kiswahili natoka wapi, nikataka kuangusha trei. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, ngeli zikigongana, lakini matusi yake yalikuwa safi kabisa. Akawa ananihifadhia magazeti ya michezo, na zamu za usiku tulikuwa tunarudia mechi kwenye runinga ya chumbani kwake, sauti chini. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama mbali na mpira. Aidan O'Shea, jibaba la katikati ya uwanja, alirudishwa nyuma kumkaba Kieran Donaghy, mnara wa Kerry, na kaunti nzima ikagombana juu ya uamuzi ule. Sista alikuwa upande wa kocha, Stephen Rochford. Mshambuliaji Andy Moran akamfurahisha zaidi: miaka 33, mechi ya kwanza na Kerry akafunga 1-5. "Huyu ni mzee mwenzangu," akasema, "lakini anajua pa kusimama."

Tarehe 8 Agosti, siku moja baada ya marudiano ya Roscommon, Kenya ilipiga kura. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais na kuamuru uchaguzi urudiwe. Nilimkuta Sista keshasikia redioni, ananingoja.

"Na nyinyi mmetoka sare?"

"Si sare, Sista. Imefutwa."

"Basi mna marudiano. Karibu Mayo."

Kuhusu laana alikuwa hana subira. Mayo walitwaa kombe la Sam Maguire, la ubingwa wa Ireland nzima, mara ya mwisho mwaka 1951, na watu wanasimulia kwamba lori lililowabeba washindi kurudi nyumbani lilipita Foxford kukiwa na mazishi, wakashangilia bila kusimama, na padre akawalaani: kombe halitarudi mpaka wachezaji wote wa timu ile wafe. Wakati ule walikuwepo waliokuwa hai bado, na magazeti kila Septemba yaliwataja, sijui wenyewe walijisikiaje. Sista alisema ni upuuzi. "Mapadre wa Mayo wangekuwa na nguvu hizo, wangeanza na mvua."

Marudiano ya Kerry yalikuwa Jumamosi, 26 Agosti. Mayo wakashinda 2-16 kwa 0-17. Nilikuwa kazini, kama kawaida, nikibadilisha shuka kwenye chumba cha pili kutoka kwa Sista, na niliposikia ukelele wake niliacha mto nusu umevaa foronya nikakimbia. Nikamkuta amesimama, mtu ambaye kwa kawaida tulimnyanyua wawili.

Jumatatu yake nikaenda kwa matroni kuulizia uwezekano wa kupata nafasi Jumapili ya fainali. Akanionyesha karatasi. Wote walikuwa wameomba, kuanzia mpishi hadi mtunza bustani, na kwenye mstari wa siku ile jina langu lilikuwa limeandikwa tangu Julai, kwa wino, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Basi tarehe 17 Septemba niliiona Croke Park, uwanja wa fainali kule Dublin, nikiwa sebuleni kazini. Njia nzima ya kuja kazini ilikuwa imevaa kijani na nyekundu: marobota ya nyasi mashambani, milango ya maduka, gari bovu lililopakwa rangi na kuegeshwa kwenye kona, na mabango ya "Mayo for Sam" kila nguzo. Sebuleni tulipanga viti kwa safu. Muuguzi wa zamu, mwenzetu kutoka Kerala, India, alitangaza kwamba dawa za saa kumi zitasubiri mapumziko isipokuwa zile zisizosubiri, na akaegesha kitoroli cha dawa pale alipoweza kuiona runinga. Kulikuwa na mzee mmoja wa Dublin, mtoto wake ameolewa huku, akaletwa na kofia yake ya samawati. Tulimweka pembeni karibu na dirisha. Alisema yuko salama.

Mpira ulianza, na ndani ya dakika mbili Con O'Callaghan alikuwa keshaipatia Dublin bao. Mzee wa kofia akakohoa kwa adabu. Lakini Mayo hawakuyumba. Pointi ikafuata pointi, Moran anageuka na kupiga, na mapumziko yakafika Mayo wakiwa mbele, 0-10 kwa 1-6. Dawa ziligawanywa kwa kasi ambayo sijaiona tena, watu wakameza bila kuuliza ni za nini.

Kipindi cha pili kuna tukio ambalo Sista hakulisamehe. John Small wa Dublin alimchezea rafu Colm Boyle, akawa anaondoka kwa kadi nyekundu. Mayo wangebaki na mtu mmoja zaidi na mpira wa adhabu mkononi. Hapo hapo Donie Vaughan akaja mbio akamvaa Small. Nyekundu na yeye. Faida yote ikayeyuka, mpira wa adhabu ukafutwa. "Mjinga!" Sista akapiga mkono wa kiti. "Mjinga, mjinga, mjinga!" Bibi wa jirani akauliza anasema nini, nikamwambia anasali.

Halafu Lee Keegan, beki, akapanda mbele akafunga bao. Trei ya vikombe ilikuwa mapajani mwangu. Sikumbuki iliishia wapi, nakumbuka chai kwenye soksi tu.

Dakika za mwisho zilikuwa 1-16 kwa 1-16. Hapo ndipo nilipojishangaa. Sare ilikuwa imekaa mbele yangu, tayari, kamili: marudiano, wikendi nyingine, watu wote wa Mayo ndani ya treni na mimi peke yangu kwenye ratiba. Msimu mzima niliziombea sare. Cillian O'Connor akapata mpira wa adhabu, mbali kidogo, ubavuni, na mimi mhasibu wa ovataimu nikajikuta nimepiga magoti kwenye zulia nikisema "pita, pita, pita." Mpira ukagonga nguzo. Ile sauti ilisikika mpaka kwetu, au labda ni mimi niliyeiongeza baadaye.

Dublin wakashuka. Diarmuid Connolly akachezewa rafu, Dean Rock akaweka mpira chini. Ilikuwa dakika ya 76. Picha zilizosambaa baadaye zilimwonyesha Keegan akichomoa kile kidude cha kupimia mwendo kilichokuwa ndani ya fulana yake na kumrushia Rock anapokimbilia mpira. Wachambuzi walilalamika sana kuhusu adabu. Mimi ningemrushia kitoroli cha dawa. Rock hakutikisika, mpira ukapita katikati. Kilichofuata kilikuwa fujo: wachezaji wa Dublin wakawashika na kuwaangusha wa Mayo wasiupokee mpira wa kipa, Ciarán Kilkenny akala kadi nyeusi, ya kutolewa uwanjani, kwa hilo, na David Clarke, kipa wa Mayo aliyekuwa amedaka kila kitu mwaka ule, akapiga mpira ukatoka nje. Filimbi. Dublin 1-17, Mayo 1-16. Mwaka uliotangulia walikuwa wamefungwa na Dublin hao hao, pointi moja hiyo hiyo, kwenye marudiano.

Sebule ilikaa kimya kwa sekunde chache, kisha kila mtu akaanza kuzungumza juu ya chai. Mzee wa Dublin alisukuma kiti chake taratibu mpaka kwa Sista, akampa mkono, akasema Mayo walistahili. Sista akatabasamu kwa utakatifu wote aliokuwa nao, akamjibu kwa Kiswahili, "Potelea mbali." Yule mzee akamshukuru sana.

Jioni nilipomlaza aliniuliza kama nimesikitika kwa sababu hakuna marudiano. Sikuwa nimemwambia kitu kuhusu malipo ya zamu, hata siku moja. Nikamwambia nimesikitika kwa ajili ya Moran. "Muongo," akasema, na akataka nimzimie taa. Moran alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka, na Sista alikata picha yake gazetini akaibandika kabatini, chini ya Bikira Maria, si mbali sana.

Mwaka uliofuata nilijihadhari. Fainali ya 2018 ilipangwa tarehe 2 Septemba, nami mwezi Januari nikaenda kwa matroni kuandikisha likizo, wa kwanza kabisa, kabla hata ya mpishi. Akanitazama juu ya miwani. "Umekuwa mwenyeji," akasema, na hakuisema kwa furaha. Tarehe 30 Juni, Kildare wakaitoa Mayo kule Newbridge. Mlango wa nyuma, mara hii umefungwa kabisa. Jumapili ya fainali, Dublin wakicheza na Tyrone, wenzangu wote walikuwa kazini, na mimi nilikuwa nyumbani na likizo yangu nikipaka uzio rangi, bila malipo.