Pevingi tuliyoing'oa: nilivyojifunza kupanga kazi za nje ya nyumba

Pevingi yetu haikuwa imetimiza hata miezi tisa siku fundi bomba alipoigonga kwa kisigino na kusema, "Mama, chemba iko hapa chini. Lazima tung'oe." Nikamuuliza ana uhakika gani. Akanyoosha mkono: bomba linatoka bafuni pale, karo la maji machafu liko kule uani, katikati halikupita hewani. Sikuwa na la kujibu. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimamia vile vitofali vyekundu vikilazwa, tena kwa haraka, na chemba, lile shimo la kukagulia bomba la maji machafu, ikafunikwa kwa mchanga kwa sababu mfuniko wake "unaharibu muonekano".

Nyumba yetu iko Goba, mteremkoni. Tulihamia mwaka 2019 kama wanavyohamia wengi hapa Dar: bati juu, nondo madirishani, lipu ndani tu, na nje tofali zinachungulia. Ukishahamia umeikwepa kodi ya pango, mengine yanakwenda yakijisogeza. Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma, akiondoka ni wiki mbili au tatu, kwa hiyo mafundi wote ni wangu. Fedha ni za kikoba, zinaingia kwa mkupuo mara moja kwa mwaka, na mkupuo ukifika kila mtu ndani ya nyumba ana mradi wake kichwani.

Mkupuo wa 2022 ulikutana na send-off ya mdogo wangu mwezi wa saba. Wageni wangeshukia kwetu. Basi nikaanza na vinavyoonekana: lipu ya mbele, rangi ya krimu, pevingi mita 70 za mraba, na geti jipya la chuma lenye maua. Lipu ilikaa siku nane tu, ikapakwa rangi. Picha zilitoka vizuri mno, siwezi kukataa. Wifi yangu hata leo anayo moja kwenye simu yake.

Kisha ikaja masika ya 2023.

Karo likajaa, na maji yakawa yanarudi bafuni. Rangi ya mbele ikaanza kuvimba na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, chini yake unga mweupe wa chumvi ya saruji. Maji ya bati, kwa kuwa gata, ile mifereji ya kukinga maji ukingoni mwa paa, hatukuwa nazo, yalikuwa yanachimba mfereji kando ya msingi na kurusha tope jekundu ukutani hadi usawa wa goti. Na geti lilikuwa limeshanitesa tangu siku ya pevingi. Kitofali cha milimita 60 juu ya mchanga wa kama sentimita 4 kinapandisha uwanja karibu sentimita 10, na geti lilikuwa limefungwa kabla. Halikufunguka. Fundi akakata chuma chini, yale maua yakapoteza miguu.

Lililonikata maini zaidi halikuwa geti. Asubuhi moja ya mwezi wa nne aligonga mzee jirani yetu wa upande wa chini. Nikamwamkia, akaitikia, akakataa kukaa. "Mwanangu," akasema, "sikuja kugombana. Njoo uone." Uzio wake ulikuwa umepasuka kuanzia chini, na upande wake ulikuwa na dimbwi. Maji yetu yote yalikuwa yanaishia kwake. Zamani udongo ulikuwa unayanywa kidogo. Sasa tulikuwa tumeuziba kwa pevingi, tena iliyoinamia upande wake. Hakwenda kwa mjumbe wala serikali ya mtaa, ingawa alikuwa na haki ya kwenda.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu ambayo binti yangu wa darasa la sita aliijua kabla yangu. Bati letu linafunika mita za mraba 140. Mvua ya milimita 60 ni lita 8,400, na nusu ya paa inatazama kwa mzee. Lita 4,200 ni ndoo 210 za lita 20. Nilijiona nikisimama juu ya uzio namwagia mtu ndoo 210 uani kwake kwa siku moja, halafu namsalimia.

Siku iliyofuata ilinyesha tena. Nikachukua mwavuli, gambuti za mume wangu na vijiti, nikazunguka nyumba mvua ikiendelea. Kila mahali maji yalipotoka juu nilichomeka kijiti, kila yalipotuama kijiti, na yalipovuka mpaka nikachomeka viwili. Majirani walidhani nimechanganyikiwa. Mvua ilipokata nikachora yote nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, karatasi ile kubwa ya ukutani. Nikaongeza bomba zote tulizozijua, karo, waya wa Luku, bikoni za mipaka ya kiwanja, na njia ambayo kenta la mchanga linaweza kupita.

Kabla ya hapo nilikuwa napanga kazi kwa kujiuliza kipi kinaniudhi zaidi nikitoka mlangoni. Kalenda ikanilazimisha kuuliza mengine: maji yanaanzia wapi, na kazi ipi itaharibu kazi gani nyingine. Nikitaka kufanya jambo fulani, namuuliza fundi atasimama wapi, ataweka wapi mchanga wake, na atachimba nini. Majibu yake yenyewe yakawa yananipa mpangilio. Mtu wa paa ataegemeza ngazi kwenye gata, basi atangulie. Mtu wa gata anapigilia vishikio kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, basi fisha bodi ipakwe rangi kabla, maana gata ikishakaa brashi haifiki nyuma yake. Mtu wa rangi anasimamisha mirunda, na mirunda inachimbia miguu, basi pevingi imngoje.

Mume wangu alitaka tuanze na ukuta wa kuzuia udongo, kwa ajili ya aibu ya jirani. Tulibishana kwa simu, yeye akiwa foleni ya Tunduma. Hoja yangu ilikuwa kwamba ukijenga ukuta wakati maji bado yanaanguka ovyo, unajenga bwawa. Akanyamaza, akasema, "Haya, Mama Glory, kalenda ni yako."

Tukaanza mwezi wa sita, udongo ulipokauka. Juu kwanza. Misumari ya bati ambayo mpira wake umekufa ikabadilishwa, na pale paa la sebule linapokutana na la jikoni, palipokuwa panavuja, bati la mfereji likatolewa likawekwa pana zaidi. Kazi ya siku mbili, na hakuna mgeni atakayeiona kamwe. Kisha fisha bodi, kisha gata na bomba za kushushia, mbili zikiingia kwenye simtanki la lita 5,000 nyuma ya jiko. Simtanki likijaa lazima maji yawe na pa kwenda. Hapo nilimsimamisha fundi mara mbili, kwa sababu alitaka kuyaacha yamwagike hapo hapo, kwenye msingi.

Halafu chini ya ardhi. Hii ndiyo sehemu niliyoitumia akili zaidi na ninayojivunia, ingawa ukija kwetu huna cha kutazama. Tuling'oa pevingi kwenye mstari wa mita 14, vitofali tukavipanga pembeni kwa mafungu. Vinang'oka vizima ukianza na kimoja cha pembeni na usipokuwa na papara. Katika vyote tulivunja kama 30. Tukachimba karo la pili. Kwa kuwa mtaro ulikuwa umeshafunguliwa, nikalaza humo na vitu ambavyo hatukuwa na fedha navyo bado: bomba tupu moja la kupitishia waya wa taa na kengele ya getini, jingine la maji kwenda kwenye bustani, na la tatu halina kazi kabisa, limefungwa ncha zote mbili. Saidia fundi aliniuliza hilo la nini. Nikamwambia sijui, ndiyo maana naliweka. Chemba safari hii zikapandishwa hadi usawa wa pevingi na mifuniko yake juu, muonekano ukasubiri. Kabla ya kufukia nilipiga picha kila hatua, futi ya kupimia ikiwa imelazwa kando ya bomba.

Vuli ya mwaka ule kila redio ilikuwa inasema El Nino, na kweli mvua ilikuja ya kutisha. Tulikuwa na paa na gata, mtaro wa udongo wa muda, na uwanja wa mbele wenye kovu katikati. Kwa mzee maji yalipungua, hayakwisha. Nilimpigia simu kila mvua kubwa ilipopita, na yeye akawa ananipa taarifa kama mtu wa hali ya hewa.

Ukuta tukaujenga Januari na Februari 2024, kwenye mwanya kati ya vuli na masika. Mawe, kimo cha mita 1.2, na nyuma yake kokoto na vipande vya bomba la inchi 2 vilivyopenya ukuta ili udongo upumue. Mzee akaja kuvitazama vile vipenyo. "Na haya matundu yanatazama kwangu?" Nikamweleza kwamba yatatoa jasho tu, na yasipokuwepo siku moja atapokea ukuta mzima. Maji ya juu tukayakinga na mtaro wa zege upande wetu, kutoka kona ya nyuma hadi kwenye mtaro wa barabara. Mafundi walipima kwa mpira unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, wakapata mporomoko wa sentimita 35 kwa mita 22. Unatosha. Kuna fundi mmoja aliyekuwa ameniapia kabla kwamba maji hayawezi kwenda kule, kwa kutazama kwa macho tu.

Wakati wa kujenga ndipo nilipoona faida ya kuacha upande wa nyuma bila uzio. Kenta la mawe liliingia hadi penye kazi. Jirani yangu wa juu alifunga uzio mapema, akajikuta analipa vijana wa toroli kuhamisha mchanga kutoka barabarani, na nusu ya mchanga ikabaki barabarani.

Kwenye rangi nitasema machache, kila mtu ana mawazo yake kuhusu rangi. Lipu iliyovimba tuliikwangua, tukapiga mpya, na nikaiacha wiki nne kwa saa. Nilibandika tarehe mlangoni. Kisha praima ya ukuta wenye saruji, kisha rangi ya nje. Jambo moja tu nililitoa kichwani mwangu: sentimita 60 za chini tuliziacha na praima, mkanda wa kahawia ukapakwa mwisho kabisa, baada ya pevingi, kwa sababu mashine ya kukatia vitofali inarusha vumbi na mafundi wanaegemeza kila kitu ukutani. Fundi rangi hakupenda kurudi kwa kazi ya nusu siku. Tulikubaliana bei hiyo tangu mwanzo, akarudi.

Pevingi ikarudi mwezi wa nane 2024, safari hii ikiinamia mtaro wetu, kwa kila mita moja inashuka sentimita mbili na nusu. Kabla haijalazwa nilimwita fundi wa geti, tukachora kwa chaki kwenye nguzo usawa utakaofikiwa, geti likapandishwa bawaba. Mlangoni kwa veranda nikahakikisha uwanja unabaki sentimita 15 chini ya sakafu. Fundi alitaka viwe sawasawa ili "kusiwe na ngazi", na mchwa na maji nao wangefurahi.

Ikiwa kuna jambo ningelirudia tofauti ni miti. Niliiweka mwisho kwenye kalenda, pamoja na maua na nyasi, kwa kuwa ni mapambo. Mwembe hauko kwenye foleni ya mafundi. Ungeweza kupandwa 2019, mbali na msingi na mabomba, ukakua wakati sisi tunahangaika. Sasa mche wangu una kimo cha magoti, na kivuli cha mchana tunakiazima kwa mzee.

Mwezi uliopita mume wangu alirudi na wazo la banda la kuegeshea gari, nguzo nne na bati juu. Akatembea uwanjani akihesabu hatua, akasimama, "nguzo moja hapa." Nikaingia ndani kuchukua kalenda. Alikuwa amesimama juu ya lile bomba tupu lisilo na kazi. Tumeisogeza nguzo sentimita 40 upande wa geti, na kwenye kalenda maji ya bati la banda yameshachorewa gata kabla hatujanunua nguzo yenyewe.