Nyanya na Nusu Sekunde

Likizo ya Agosti 1986 nilikuwa Nakuru kwa mjomba. Alikuwa mhandisi wa elektroniki katika kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970. Alianzia Mbagathi, kwenye chuo cha posta na simu cha Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977, wenzake Watanzania na Waganda wakarudi makwao, yeye akabaki na mitambo. Hilo lilimuuma na hakupenda kulizungumzia.

Jumapili moja simu ikalia. Alikuwa mjomba mdogo, anasoma Uingereza. Nyanya akaushika mkono wa simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa bakuli la uji wa moto.

"U mzima, mwanangu?"

Kimya. Akarudia haraka, na jibu la swali la kwanza likaja kugongana na swali la pili. Ikawa hivyo mpaka mwisho: akinyamaza, yule naye kimya, akisema, wanakatizana. Alipoirudisha simu mahali pake midomo ilikuwa ikimtetemeka.

"Mtoto huyu anaumwa, ananificha. Mtu mwenye afya ukimjulia hali hafikirii kwanza."

Mjomba hakumcheka. Nampenda mpaka leo kwa hilo. Alimtolea kigoda nje akamketisha mlangoni, yeye mwenyewe akaenda kusimama langoni, mimi akanipeleka mbali kabisa, kwenye mti wa jakaranda nyuma ya uzio.

"Wewe ndiye setilaiti," akaniambia. "Neno la Nyanya ulichukue, ulifikishe kwenye jakaranda, uguse shina, ndipo uniletee mimi. Langu nalo vivyo hivyo. Usikate njia."

Nilikimbia. Nyanya akauliza, "Umekula?" Nikaenda mpaka kwenye mti, nikafika langoni nikihema, nikapewa "Nimekula, Mama," nikaupitia mti tena. Kabla sijamfikia, Nyanya alikuwa ameshaanza kuuliza la pili. Akajishika mdomo.

Mjomba akaja akachuchumaa mbele yake. "Umeona, Mama? Sauti yako ikifika kwetu Longonot, dishi linairusha juu ya Bahari ya Hindi, kilomita 36,000. Setilaiti inaidaka, inaishusha Uingereza. Inakwenda kwa kasi ya mwanga, lakini kupanda na kushuka ni karibu robo sekunde. Jibu nalo robo nyingine. Kimya ulichosikia ni safari hiyo, si ugonjwa."

"Na hicho chombo hakianguki?"

"Kinazunguka pamoja na dunia, ndiyo maana kwetu ni kama kimesimama. Huyumba kidogo tu, nasi tunalisogeza dishi taratibu kukifuata."

"Usiku pia?"

"Usiku pia, Mama."

Nyanya akamtazama muda mrefu. Nadhani ndiyo siku aliyojua kazi ya mwanawe ni nini hasa. Kabla ya hapo alikuwa akiwaambia majirani kwamba anatengeneza redio.

Mwezi wa Desemba nilikuwepo tena simu ya Uingereza ilipokuja. Nyanya aliuliza swali moja, akafumba macho, akatulia. Kidole chake kikagonga goti mara moja, polepole. Kisha nikaona uso wake ukifunguka, na akageuka kumwonyesha mjomba kwa mkono: limefika.