Debian 13 kwenye kompyuta mpakato: Wi-Fi iliyokosa sahihi, /tmp iliyojaa na mengine

Debian 13, toleo la mfumo endeshi wa Linux lililopewa jina la Trixie, lilitolewa tarehe 9 Agosti 2025, na mimi sikulikimbilia. Mfumo endeshi ninaoutegemea kwa kazi za kila siku huwa nauacha utulie kwanza, marekebisho ya mwanzo yatoke, ndipo niujaribu. Sasa nimeusakinisha kwenye kompyuta mpakato ambayo si mpya wala si kuukuu, nikachagua eneokazi la GNOME, na nimeutumia muda wa kutosha kusema jambo moja kwa uhakika: mengi yanayomsumbua mtu baada ya usakinishaji si hitilafu, bali ni maamuzi yaliyofanywa kwa sababu maalumu, na mfumo wenyewe humweleza tatizo liko wapi iwapo atasoma maandishi yake kabla ya kuanza kubandika amri alizookota huku na kule.

Kilichomo ndani kinatosha kumshawishi aliyebaki na toleo la 12. Kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachozungumza na vifaa, ni 6.12, ambayo ni ya kudumishwa kwa muda mrefu. Eneokazi ni GNOME 48, na kwa wasioipenda zipo Plasma 6.3 na Xfce 4.20. Hazina yake, yaani ghala la programu kwenye mtandao, ina vifurushi 69,830, na toleo zima litatunzwa kwa miaka 5, yaani 3 ya matunzo kamili na 2 ya marekebisho ya usalama ya muda mrefu. Mwenye kompyuta ya biti 32 ya familia ya i386 ndiye asiye na lake hapa, kwa kuwa toleo hili halina tena kisakinishi wala kerneli kwa ajili ya mashine hizo. Mimi nilipakua faili la ISO, nikalipima kwa `sha512sum`, amri inayotoa alama ya kutambua faili lililoharibika, na kulinganisha jibu na orodha iliyochapishwa pamoja nalo, kisha nikaliandika kwenye flashi. Hatua hiyo ya kupima wengi huiruka, na wengi wa hao huja kulalamikia baadaye usakinishaji unaokwama njiani bila sababu ya kueleweka.

Usakinishaji haukunipa la kusimulia, isipokuwa hatua moja ambayo maelezo yake hupitwa haraka. Kisakinishi huomba nenosiri la mtumiaji mkuu, yaani root, na hueleza papo hapo kwamba nafasi hiyo ikiachwa wazi, akaunti ya root itafungwa na mtumiaji wa kwanza atapewa uwezo wa kutumia `sudo`, amri ya kutenda kwa mamlaka ya root. Nenosiri likijazwa, mfumo huchukulia kwamba umeamua kuitumia root yenyewe, kwa hiyo mtumiaji wako haingizwi katika kundi la sudo. Mimi hujaza kwa makusudi, kwa sababu napenda kuwa na mlango wa pili endapo akaunti yangu itaharibika. Matokeo yake ni kwamba amri ya kwanza ya `sudo` hukataliwa, nami huambiwa kuwa jina langu halimo kwenye faili la sudoers. Dawa yake ni kuandika `su -`, kisha `adduser` likifuatwa na jina la mtumiaji na neno `sudo`, halafu kutoka kwenye akaunti na kuingia upya. Kistari baada ya `su` kisisahaulike, maana bila hicho folda ya /usr/sbin haimo katika njia ya kutafutia amri, nawe utaambiwa kwamba `adduser` haipo ilhali ipo.

Kazi ya kweli ilikuwa Wi-Fi. Eneokazi lilifunguka vizuri, sauti ilitoka, kamera ilifanya kazi, lakini menyu ya juu upande wa kulia haikuwa na kitufe cha Wi-Fi kabisa. Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Fimwea ni programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe ili iweze kuamka. Kiendeshi ni moduli ya kerneli inayozungumza na kadi hiyo. Kwa miaka mingi Debian haikuweka fimwea zisizo huru kwenye ISO yake rasmi, mpaka wanachama wake walipopiga kura mwaka 2022, na kuanzia toleo la 12 la mwaka 2023 fimwea hizo zikaingizwa, zikiwa na sehemu yao katika hazina inayoitwa non-free-firmware. Kwa sababu hiyo kadi nyingi za Wi-Fi siku hizi huamka zenyewe wakati wa usakinishaji, na anayesoma maelekezo ya zamani kuhusu kutafuta fimwea kwenye flashi ya pili anapoteza muda wake.

Kadi yangu ilikuwa ya aina nyingine. Nilipoandika `lspci -nnk`, amri inayoorodhesha vifaa pamoja na viendeshi vyake, kadi ilionekana kwa jina na namba yake, lakini chini yake hapakuwa na mstari wa kutaja kiendeshi kinachotumika. Maana yake kerneli iliiona kadi na haikuwa na wa kumkabidhi. Kiendeshi chake hakimo katika kerneli. Kimo katika sehemu ya non-free ya hazina, ambayo ni tofauti na non-free-firmware, na kisakinishi hakiifungui sehemu hiyo bila kuelekezwa. Mtu akiona non-free-firmware kwenye faili la /etc/apt/sources.list anaweza kudhani amekwisha kuwa na kila kitu, kumbe sivyo: niliongeza maneno `contrib` na `non-free` kwenye mistari ya hazina, kisha nikaandika `apt update`.

Swali la kuchekesha ni hili: utapakuaje kiendeshi cha Wi-Fi bila Wi-Fi? Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa mtandao, Debian huiona kama kadi ya mtandao wa waya na kuunganishwa bila kuuliza. Ni njia rahisi kuliko kubeba vifurushi kwa flashi na kugundua kila mara kwamba kimoja kinakitaka kingine.

Kwanza nilisakinisha `linux-headers-amd64`, kwa sababu kiendeshi cha namna hii huja kikiwa msimbo unaojengwa ndani ya kompyuta yako na DKMS, zana ya kujenga moduli za kerneli, nayo haiwezi kujenga chochote bila vichwa (headers) vya kerneli inayotumika, yaani mafaili ambayo moduli hujengewa juu yake. Kisha nikasakinisha kiendeshi chenyewe, ujenzi ukakamilika bila lawama, nikaandika `modprobe`, amri ya kupakia moduli, na jibu likaja katika mstari mmoja: `Key was rejected by service`. Ufunguo umekataliwa. Wengi wakifika hapa huondoa kifurushi na kukisakinisha tena, kisha tena, wakidhani ujenzi ndio mbovu. Ujenzi haukuwa na kasoro. Kilichokataliwa ni sahihi.

Secure Boot, yaani ulinzi unaokagua sahihi za programu tangu kompyuta inapowaka, ikiwa imewashwa, kerneli ya Debian haipokei moduli isiyo na sahihi ya ufunguo inaoutambua, sawasawa na bawabu asiyemfungulia mgeni asiye na barua hata kama ni ndugu wa mwenye nyumba. Moduli zilizokuja na kerneli zimetiwa sahihi na Debian. Moduli iliyojengwa kwenye kompyuta yangu imetiwa sahihi kwa ufunguo uliotengenezwa na DKMS hapo hapo, nao ni ufunguo ambao hakuna aliyeuthibitisha. Njia ni mbili: kuzima Secure Boot kwenye mipangilio ya UEFI, programu ya kompyuta inayotangulia mfumo endeshi, au kuuandikisha ufunguo huo. Ushauri wa kuizima ndio unaosambaa zaidi kwa kuwa ni mfupi. Mimi nauona ni wa kivivu, kwani njia ya pili inachukua dakika chache na inabakiza ulinzi mahali pake.

Niliandika `sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`, nikaombwa kutunga nenosiri la kutumika mara moja tu, kisha nikawasha upya kompyuta. Kabla ya Debian kuanza hujitokeza skrini ya rangi ya bluu inayosubiri sekunde 10 ubonyeze kitufe chochote. Usipobonyeza, mfumo unaendelea kuwaka kama kawaida na ombi lako linapotea, ikakubidi urudie amri ile. Ukibonyeza, unachagua `Enroll MOK`, yaani kuandikisha ufunguo, unaendelea, unakubali, unaandika lile nenosiri, na kompyuta inawaka upya. Skrini hiyo hutumia mpangilio wa kibodi wa Marekani bila kujali ulichochagua kwenye mfumo, hivyo ni busara nenosiri hilo liwe la herufi za kawaida tu, bila alama zinazohamahama kutoka kibodi moja hadi nyingine. Baada ya hapo `lspci -nnk` ilionyesha kiendeshi kinachotumika, na kitufe cha Wi-Fi kilikuwa kwenye menyu. Kerneli mpya ikija, DKMS huijenga moduli upya na kuitia sahihi kwa ufunguo ule ule, kwa hiyo kazi hii hairudiwi.

Jambo la pili lililonisimamisha lilikuwa /tmp, folda ya mafaili ya muda. Nilikuwa nafungua faili kubwa lililobanwa, programu ikalalamika kwamba nafasi imekwisha, ilhali diski ilikuwa tupu zaidi ya nusu. `df -h /tmp` ilitoa jibu mara moja: katika toleo hili /tmp haikai tena kwenye diski, ni tmpfs, yaani imo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta (RAM), na inaruhusiwa kuchukua hadi nusu ya kumbukumbu hiyo. Kompyuta yenye GB 8 ina /tmp ya GB 4 kwa juu kabisa. Faida yake ni kasi na diski isiyochoshwa na mafaili ya muda mfupi. Hasara ni kwamba kila kilichomo hupotea kompyuta ikizimwa. Pia, kwenye usakinishaji mpya, mafaili yaliyokaa siku 10 katika /tmp na siku 30 katika /var/tmp huondolewa yenyewe, kwa hiyo mwenye tabia ya kuhifadhi vitu huko aiache.

Anayetaka utaratibu wa zamani ataandika `sudo systemctl mask tmp.mount` na kuwasha upya. Mimi sikufanya hivyo, kwa kuwa naona uamuzi wenyewe ni mzuri; programu inayohitaji nafasi kubwa naielekeza pengine kwa kuianzisha ikiwa na `TMPDIR=/var/tmp` mbele ya jina lake, na mengine yote nimeyaacha yalivyo.

GNOME 48 nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Arifa za programu moja sasa hukusanywa pamoja badala ya kujazana, na kwenye mipangilio ya umeme kuna chaguo la kulinda afya ya betri kwa kuizuia isijae kabisa, chaguo linaloonekana tu kama kompyuta yenyewe inalikubali. Ambalo halikunifaa ni ukubwa wa maandishi. Kwa skrini yangu asilimia 100 ni ndogo mno na 200 ni kubwa mno, na mipangilio haikuwa na kitu kati ya hizo. Vipimo vya kati vipo, ila vimewekwa nyuma ya swichi ya majaribio:

`gsettings set org.gnome.mutter experimental-features "['scale-monitor-framebuffer', 'xwayland-native-scaling']"`

Sehemu ya kwanza hufungua vipimo kama 125 na 150. Ya pili inahusu programu za zamani ambazo hazijahamia Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini uliochukua nafasi ya Xorg, na hupitia daraja liitwalo XWayland. Bila hiyo, maandishi yake hukuzwa kama picha na kutoka na ukungu. Ikiwashwa, programu huachiwa ijichore yenyewe kwa ukubwa unaotakiwa, na ile isiyojua kufanya hivyo hubaki ndogo. Ninayo moja ya namna hiyo. Bado naitumia nikiwa nimesogeza uso karibu na skrini, na sijaona haja ya kurudi Xorg kwa ajili yake peke yake.

La mwisho ni usingizi wa kompyuta. Nilikuwa nafunga kifuniko jioni na asubuhi nakuta betri imeshuka mno. `cat /sys/power/mem_sleep` ilionyesha `[s2idle] deep`, mabano yakimaanisha kinachotumika sasa: usingizi mwepesi ambao vifaa vingi hubaki macho kidogo. Neno `deep` likionekana, kompyuta ina usingizi mzito pia. Lisipoonekana, hakuna la kubadilisha. Kwanza nilijaribu kwa muda, kwa `echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep`, nikafunga kifuniko na kufungua kuhakikisha kwamba skrini na Wi-Fi vinaamka. Viliamka, ndipo nikaongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT katika /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha kerneli, na kumalizia kwa `sudo update-grub`. Nasisitiza kujaribu kwa muda kwanza, kwani zipo kompyuta zinazolala usingizi huo na kukataa kuamka.

Kulala kwa kuhifadhi kila kitu kwenye diski na kuzimika kabisa, hilo halikuwezekana, na safari hii tena mfumo haukuficha, kupitia `journalctl`, amri inayoonyesha maandishi yake: kerneli iliandika kwamba jambo hilo limezuiwa, ikataja na ukurasa wa mwongozo wa kusoma, `kernel_lockdown.7`. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli ya Debian hujifunga, na kurejesha kumbukumbu kutoka kwenye diski ni miongoni mwa yaliyofungwa, kwa sababu haina njia ya kuthibitisha kwamba kilichohifadhiwa hakikuguswa. Anayehitaji sana huduma hiyo hana budi kuzima Secure Boot, na hapo hata kazi yote ya kuandikisha ufunguo haitamhusu. Mimi huwa na chaja karibu, kwa hiyo nimebaki na usingizi mzito.