Nyaya nne, si tatu: nilivyopeleka umeme kwenye gereji yangu Minnesota

Nianze na shemeji yangu, maana yeye ndiye aliyenichelewesha. Yuko Tanga, na amefunga umeme kwenye nyumba nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu. Nilipomwambia kwenye WhatsApp kwamba nataka kutoa umeme nyumbani kwangu hapa Brooklyn Park, Marekani, niupeleke kwenye gereji iliyojitenga huko uani, alinijibu huku anatafuna kitu: "Shemeji, umeme ni umeme. Vuta nyaya zako tatu, kule gereji gongelea fimbo ya athi, nyutro na athi zifunge pamoja, washa. Kazi ya siku moja hiyo." (Nyutro ni waya unaorudisha umeme; athi ni waya wa usalama unaoshikana na vyuma.)

Ilinichukua wiki tano.

Minnesota mwenye nyumba anayeishi humo anaruhusiwa kufunga umeme wake mwenyewe, mradi alipie kibali na inspekta aje akague. Mimi nilitaka breka ya ampea 60 nyumbani, ilishe paneli ndogo, yaani boksi la breka, gerejini: msumeno wa meza, kompresa na hita, kwa sababu Januari ya huku si ya kushika randa kwa mikono mitupu. Kibali kilikuwa dola mia na kitu, sikumbuki vizuri. Fomu ni rahisi.

Kabla ya kuchimba nilipiga 811, namba ya simu ya kuomba waje waonyeshe kilichofukiwa ardhini. Ni bure. Walikuja kupaka rangi majani: nyekundu kwa umeme, njano kwa gesi, bluu kwa maji, rangi ya chungwa kwa simu na intaneti. Mstari wa njano ulipita palepale nilipopanga kuchimba mimi, kwa hiyo aliyekwambia hiyo ni urasimu tu, usimsikilize. Ila jua kwamba hawaweki alama kwenye vitu alivyofukia mwenye nyumba wa zamani kwa siri zake.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, shemeji hamo. Niliona dukani kebo nyeusi, nene, yenye nyaya zake zote ndani. Nikajisemea, nyeusi hii, nene hivi, bila shaka ni ya ardhini. Nikakatiwa futi 70, dola mia mbili na ushee. Nilipokuwa naivingirisha uani ndipo nikasoma maandishi ya ubavuni: NM-B. Hiyo ni kebo ya ndani ya nyumba, pakavu. Rangi nyeusi inaonyesha unene wa nyaya, haihusiani na kuvumilia maji. Nikasema basi nitaipitisha ndani ya bomba, maji yatapitia wapi? Kumbe kanuni za umeme za Marekani, zile wanazoziita NEC, zinahesabu ndani ya bomba lililofukiwa kuwa ni mahali penye maji, hata ukiligundisha vipi. Na ni kweli, bomba hutoa jasho. Kebo ya kufukia moja kwa moja huandikwa UF-B. Ukitumia bomba, unavuta nyaya mojamoja zilizoandikwa THWN.

Nilirudi dukani kununua nyaya mojamoja za shaba namba 6 (huku namba ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi). Nikamwambia mzee wa kaunta nataka tatu. Akanitazama juu ya miwani. "Ya nne iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kanuni zenyewe badala ya kusikiliza sauti za WhatsApp. Zamani, jengo la pili liliruhusiwa kulishwa kwa nyaya tatu, laivu mbili (zinazoleta umeme) na nyutro, halafu nyutro ikafungwa na athi kulekule. Toleo la 2008 liliufuta mtindo huo kwa kazi mpya. Sasa ni nne: laivu mbili, nyutro, na athi inayotoka paneli ya nyumbani. Kwa breka ya 60, athi ya shaba namba 10 inatosha.

Shemeji hakukubali. "Athi si una fimbo? Fimbo inakwenda ardhini, umeme unakwenda ardhini, breka inaruka." Nikampigia hesabu. Tuseme fimbo yangu ni nzuri, ukinzani wake na ardhi ni omu 25. Laivu ya huku ni volti 120. Gawanya: ampea 4.8. Breka ya ampea 20 ya msumeno haishtuki kwa ampea 4.8, inazibeba kutwa kucha. Msumeno umepata hitilafu, bodi lake lina umeme, breka imetulia tuli, na mimi ndiye ninayekwenda kulishika. Fimbo ni ya radi na mambo yake. Kinachorusha breka ni ule waya wa nne unaorudi nyumbani. Alikaa kimya siku mbili, halafu akatuma picha ya samaki wa kupaka.

Fimbo hata hivyo ni lazima. Nilizika mbili, za futi 8, zikiwa zimeachana zaidi ya futi 6. Ukizika moja tu utatakiwa kuthibitisha kwamba haizidi omu 25, na kifaa cha kupimia ni ghali kuliko fimbo ya pili. Usizipige kwa nyundo. Azima mashine ya kutoboa zege, ifunge kichwa kinachomeza fimbo, dakika tatu imezama.

Mtaro sasa. Bomba la plastiki linatakiwa liwe inchi 18 chini. Nikachimba inchi 18 kamili, kwa koleo, siku mbili, kiuno kikalia. Nikalaza bomba, nikamwita inspekta kabla ya kufukia, maana ukifukia kabla hajaona utafukua. Akashuka kwenye gari, hana maneno mengi, akachuchumaa, akaweka ncha ya futi yake juu ya mgongo wa bomba, si chini ya mtaro. Inchi 16 na nusu. Zile 18 huhesabiwa kutoka juu ya bomba hadi usawa wa ardhi! Akaniandikia karatasi, akaondoka. Nilichimba upya kwa hasira, nikaenda hadi 22, na mke wangu akaniuliza kama namzika mtu.

Lakini sasa nikupe ile ambayo najivunia. Kupitisha nyaya nne nene ndani ya bomba la futi 60 lenye kona. Kona zote kutoka boksi hadi boksi zisizidi nyuzi 360, yaani robo nne. Mimi nilikuwa nazo tatu, lakini nyaya zilikwama kwenye ya pili. Nilisukuma, nikavuta, nikatukana kwa Kidigo. Ndipo nikakumbuka mashine ya mke wangu ya kunyonya vumbi. Nikakata kipande cha mfuko wa plastiki ukubwa wa kiganja, nikakifunga kwenye kamba nyembamba ya nailoni, nikakitumbukiza mdomo wa bomba upande wa nyumba. Upande wa gereji nikabana mashine kwa taulo, nikawasha. Kamba ilikimbia kama samaki aliyemeza ndoana, ikaisha kwenye kigurudumu chake kabla sijafika kuishika. Kwa kamba hiyo nikavuta kamba nene, na kwa kamba nene nikavuta nyaya zote nne kwa mpigo, mwanangu akizilisha na kuzipaka grisi maalumu ya nyaya. Dakika 10. Nilitamani shemeji awepo aone.

Paneli ya gerejini nilinunua yenye breka kuu ya ampea 100. Usishtuke kwamba ni kubwa kuliko 60. Hapo ni swichi tu ya kuzimia jengo zima, kwa sababu jengo la pili lazima liwe na mahali pake pa kuzimia. Ulinzi wa waya uko nyumbani. Na ukifungua paneli ya nyumbani, kumbuka hata ukizima breka kuu, vile vyuma vinavyotoka mita bado vina umeme.

Ukaguzi wa mwisho nilianguka tena, na hapa shemeji yumo. Ndani ya boksi la paneli kulikuwa na skrubu ya kijani kwenye kimfuko. Aliniambia, "Kila skrubu ina nafasi yake." Nikaifunga. Inspekta akaiona kabla hata ya kusema habari. Skrubu ile huunganisha nyutro na bodi la paneli. Nyumbani, kwenye paneli ya kwanza, ndiyo mahali pake. Gerejini ikifungwa, umeme unaorudi unapata njia mbili, nyutro na athi, na kila chuma kilichoshikana na athi kinabeba umeme mchana na usiku. Nyutro ikilegea siku moja, wote unapita huko. Nikaitoa mbele yake.

Akaelekeza kidole juu: "Na hii inatoka wapi?" Ile taa ya zamani ya gereji, yenye kebo yake kutoka jikoni. Nilikuwa nimeiacha kwa huruma. Jengo moja hulishwa na njia moja; nilikata hiyo kebo, nikaifunga taa kwenye paneli mpya, akarudi Alhamisi akasaini.

Ile kebo nyeusi duka lilikataa kuipokea kwa sababu ilishakatwa. Iko gerejini, futi 70, safi. Kama uko Brooklyn Park au jirani na una jiko la umeme la kufunga ndani ya nyumba, njoo uichukue kwa bei ya kuelewana.