Nimeshapoa

Kuna neno limenikwama kooni tangu Jumamosi kama mwiba wa samaki. Wala si tusi. Nimelisema mwenyewe.

Babu alimleta mjukuu Ijumaa usiku kwa bodaboda, mvua yote ile. Miaka mitatu, kilo 11, malaria kali, damu gramu 3 tu, pungufu mno. Artesuneti, sindano ya malaria kali, miligramu 33, yaani 3 kwa kila kilo, mara 11. Nimeirudia hesabu hiyo sijui mara ngapi, na kila mara inaleta 33. Damu ya kumwongezea nayo ilipatikana bila kuhangaika, kwa hiyo sina hata wa kumlaumu. Sindano ya kwanza tulimpa saa nne usiku, ya pili ilikuwa ya saa nne asubuhi. Hakuifikia. Saa nane usiku alikata roho, damu haijafika nusu.

Nikamfuata babu kwenye benchi nje ya wodi. Nikamwamkia tena, shikamoo ya pili usiku uleule, ili tu nichelewe kusema. Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikamwambia. Akavua baraghashia, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akasema:

"Pole na kazi, daktari."

Nami nikajibu, "Nimeshapoa."

Jamani! Mtu kafiwa, bado ananipa pole mimi, na mimi namwambia nimeshapoa. Mdomo ulijijibia wenyewe kama unavyomjibu mlinzi getini. Toka hapo nimeshatunga majibu kumi. "Pole ni yako, babu." Au ningenyamaza tu. Kwenye sendofu ya mdogo wangu nimecheza, nimetunza, na kichwani niko kwenye lile benchi. Barua ya kwenda kusomea ubingwa nayo imetoka jana, mama kapiga vigelegele kwenye simu.

Ningejua alinisema, ningeumia nikamaliza. Lakini sauti yake haikuwa na kisa. Alinipa pole kama unavyompa mtu unayemkuta shambani analima, ukapita zako.

Leo nikamsimulia sista wetu, yule mkali mnayemjua. Nikadhani atanipa nasaha. Akashika ukingo wa kitanda akacheka. Anasema mwaka wake wa kwanza kazini alimkabidhi mfiwa vitu vya marehemu, akamwambia, "Karibu tena." Nikacheka na mimi, tukacheka mpaka mama wa kitanda cha nne akatugeukia, tukajifanya tunahesabu sindano. Mwanawe, yule aliyeingia na degedege Jumapili, kanywa vikombe viwili vya uji, dawa kaikataa, na kiasi fulani kakitemea koti langu. Sijalifua. Nimelitundika mlangoni nalitazama.

Lakini babu simwoni tena. Kijiji chake kipo kwenye faili, na mimi si mtu wa kwenda kugonga mlango wa watu kusahihisha maamkizi.

Halafu LUKU inalia tangu saa mbili, mtandao wa kununulia umeme umegoma, na kwenye friza kuna sato wanne wa shemeji.