Ukienda Ireland fika Cobh, bandari ya kuagana

Nikitaja Cobh (hutamkwa Kov) watu wanauliza Titanic, na ni kweli, hapa ndo ilisimama mara ya mwisho kabla ya kuzama, lakini jamani huu mji una mambo mazito kuliko Titanic na wengi wanakuja, wanapiga picha, wanaondoka bila kuyagusa.

Kufika ni rahisi. Unapanda treni stesheni ya Kent mjini Cork, dakika kama 25 hivi, unapita Fota ambako kuna hifadhi ya wanyama yenye hadi twiga na duma, halafu unashukia ukingoni mwa maji kabisa. Sehemu ya stesheni yenyewe wameifanya makumbusho, Cobh Heritage Centre, anzia hapo. Viazi vilipoanza kuoza mashambani 1845 njaa iliua watu kama milioni moja, wengine zaidi ya hao wakakimbia nchi, na baadaye bandari hii ndo ikawa mlango mkuu wa kutokea. Enzi hizo ilikuwa inaitwa Queenstown, maana Malkia Victoria alitembelea 1849, jina la zamani lilikuja kurudi miaka ya 1920. Kuanzia 1848 mpaka 1950 waliondoka Ireland watu zaidi ya milioni 6 na kama milioni 2.5 kati yao walipandia meli hapa hapa. Usiku wa mwisho familia ilikuwa inakesha, wanakula wanacheza wanalia, yaani mtu yuko hai mzima na anakaliwa matanga, sababu walijua akishavuka Atlantiki ndo basi tena.

Nje hapo kuna sanamu ya Annie Moore. Alitoka hapa Desemba 1891 na wadogo zake wawili wa kiume, tarehe 1 Januari 1892 akawa mtu wa kwanza kupokelewa kwenye kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York. Iangalie taratibu, mdogo wake mmoja ananyoosha kidole kule baharini ila Annie kageuza shingo anaangalia alikotoka. Mimi naishi mbali na kwetu, ile shingo inanikamata kila nikipita.

Titanic yenyewe haikufunga gati, ilitia nanga nje karibu na Roches Point tarehe 11 Aprili 1912, abiria 123 wakapelekwa na meli ndogo mbili, karibu wote wa daraja la tatu, na wengi wao walikufa. Ofisi ya White Star Line, kampuni iliyomiliki Titanic, walikotokea bado ipo, sasa inaitwa Titanic Experience, ukiingia unapewa tiketi yenye jina la abiria wa kweli na mwisho wa ziara unaangalia kama huyo mtu wako alipona. Nyuma ya jengo nguzo za lile gati la mbao bado zimesimama majini, zimeliwa na chumvi.

Ila nakuomba, usiondoke bila kwenda Old Church Cemetery, iko nje kidogo ya mji na watalii wengi hawafiki. Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Wajerumani iliipiga meli ya abiria Lusitania, meli ikazama kwa dakika 18 tu, wakafa karibu watu 1,200, na boti zilizokwenda kuokoa zilileta huku waliopona na maiti pamoja. Zaidi ya 150 wamezikwa pale, kuna makaburi matatu ya halaiki na wengine hawakutambulika kamwe. Mji mdogo hivi ulipokea msiba wote ule, ukawazika wageni kama watu wake.

Kanisa kuu la St Colman's huwezi kulikosa, limekaa juu ya kilima, lilianza kujengwa 1868 likamalizika 1919 na lina kengele 49. Picha ile maarufu ya nyumba 23 za rangi rangi zilizopandiana na kanisa likiwa nyuma yake inapigwa mtaa wa West View, vaa viatu vizuri maana mlima si mchezo. Kwa wapenda riadha, Sonia O'Sullivan, bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 1995, ni mtoto wa hapa na ana sanamu yake.

Spike Island itengee nusu siku, unavuka kwa feri, ni ngome iliyokuwa gereza kubwa la wafungwa waliokuwa wanasafirishwa makoloni ya mbali. Kiangazi tiketi zake nunua mapema.